Kudai Sababu: Falsafa na Maamuzi ya Kila Siku Pwani ya Mrima

Falsafa ni kazi ya kudai sababu. Anayeifanya huchukua jambo ambalo wenziwe wamekwisha kulikubali, akauliza limekubaliwa kwa hoja ipi, hoja hiyo ina uzito gani, na kama inayokubaliwa hapa itakubaliwa pia ikihamishiwa pale. Vyuoni kazi hiyo imegawanywa katika matawi: mantiki, maadili, nadharia ya maarifa, metafizikia. Nje ya vyuo haina jina wala mshahara, lakini hufanyika kila watu wanapobishana bila kushikana mashati. Thamani yake katika maisha ya kila siku haipimwi kwa wingi wa majina ya wanafalsafa ambayo mtu ameyakariri. Hupimwa kwa maamuzi: nani alipwe nini, nani alaumiwe, nani aheshimiwe, lipi liachiwe Mungu na lipi libaki mikononi mwa mtu.

Pwani ya Mrima, inayopanda kutoka Dar es Salaam kupitia Kunduchi, Bagamoyo na Saadani hadi Pangani, ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili. Watu wake wamepokea wageni kwa karne nyingi. Msikiti wa kale wa Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya bara. Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Washomvi walikutana hapo na Wanyamwezi, Wamanyema, Waarabu na Wahindi, na kuanzia mwaka 1868 wakaja pia mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi kwa desturi moja isiyoulizwa. Kila jambo, tangu salamu hadi mirathi, lina watu wanaolifanya kwa namna mbili au tatu, na kila mmoja hudhani namna yake ndiyo ya kawaida.

Mabishano hayo hufanyika barazani. Penye kahawa chungu, bao na gazeti la jana hujadiliwa mpira, siasa, bei ya samaki na kesi ya mirathi ya jirani. Isidhaniwe kwamba kila kinachosemwa hapo ni falsafa. Sehemu kubwa ni umbea, na umbea nao una kazi yake. Falsafa huingia pale msemaji anapoulizwa "kwa nini", akalazimika kujibu kwa hoja badala ya kujibu kwa umri wake. Hilo si jepesi. Adabu ya pwani haipendi mdogo amhoji mkubwa, na wanawake kwa kawaida hawakai barazani kabisa. Hoja zao hupita kwingine: kwa somo na kungwi, katika ngoma, na katika maandishi ya kanga, ambayo mwanamke aweza kuyavaa akapita nayo mbele ya aliyemkusudia bila kufungua mdomo. Kwa hiyo uamuzi wa baraza unaweza kuwa na kasoro hata kama kila hoja iliyosemwa ni safi. Kasoro yenyewe imo katika orodha ya waliosikilizwa, na kuihoji orodha hiyo ni sehemu ya kazi ya falsafa kama ilivyo kuihoji hoja.

Nyenzo ya kwanza ya baraza ni methali, na ndiyo inayopotosha kwa urahisi zaidi. Mwenye shamba wa Kerege anayetaka kumuuzia kiwanja mtu wa Dar es Salaam ataambiwa kwamba haraka haraka haina baraka. Akisita, mwingine atamkumbusha kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni za wahenga, zote zina heshima, na haziwezi kufuatwa kwa pamoja. Methali, basi, haimalizi shauri. Ni hoja iliyofupishwa, na mwenye kufikiri hana budi kuikunjua: ni hasara gani hasa inayoletwa na haraka, na katika mauzo haya ipo? Bei inapanda kwa sababu watu wanahamia kweli, au kwa sababu dalali mmoja amesema hivyo kwa watu watatu? Anayetoa methali kisha akanyamaza amekumbuka tu. Anayeeleza kwa nini inafaa hii na si ile amefanya zaidi ya kukumbuka.

Mwanafalsafa Mkenya Henry Odera Oruka aliijenga tofauti hii kuwa utafiti. Tangu miaka ya 1970, akiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwahoji wazee wa Kenya waliosifika kwa hekima, na mwaka 1990 alichapisha kitabu juu ya mazungumzo hayo. Aliwagawa wenye hekima katika makundi mawili: wale wanaoijua mila yao vizuri na kuieleza bila kuipinga, na wale wanaoijua vizuri vilevile lakini wanaipima, wakakubali baadhi yake na kukataa baadhi kwa sababu wanazoweza kuzitaja. Oruka alikuwa akiwajibu watu wa pande mbili. Wengine walidai Afrika haikuwa na falsafa kwa kuwa haikuandika. Wengine, kama padri Mbelgiji Placide Tempels katika kitabu chake kilichotoka Kongo mwaka 1945, walidai kwamba Wabantu wote wana falsafa moja, ambayo wenyewe hawawezi kuieleza mpaka mgeni awaelezee. Oruka aliona madai yote mawili yanamwacha nje mtu mmoja mmoja, ambaye ndiye anayefikiri. Hapo alikuwa sahihi, na Bagamoyo ina ushahidi wake.

Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, bara kidogo ya Bagamoyo, akasoma na kufundisha mjini, na mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili ambacho Carl Velten alikichapisha Ujerumani mwaka 1903. Humo mna habari za uzazi, unyago, ndoa, madeni, pepo, misafara na mazishi. Mna pia ngazi za watu: mwungwana, mtumwa, mzalia, mtu wa bara aliyeitwa mshenzi. Ngazi hizo ziliamua nani amsalimu nani vipi, nani avae nini, nani amwoe nani na nani akae wapi shughulini. Kwa msomaji wa leo, thamani ya kitabu hicho ni kwamba kinaonyesha jamii nzima ikiishi ndani ya jibu bila kulitamka swali.

Swali lenyewe ni hili: kinachompa mtu uungwana ni nini? Watu wa mji walikuwa na vigezo viwili, wakivitumia kwa zamu. Cha kwanza kilikuwa nasaba: kuzaliwa na wazazi huru wa pwani. Cha pili kilikuwa mwenendo: elimu ya dini, kauli njema, ukarimu, kulipa deni. Maadamu waliozaliwa vizuri walikuwa pia ndio wenye elimu na mali, vigezo hivyo havikugombana. Vilianza kugombana alipotokea mtu mwenye kimoja asiye na kingine.

Mtu huyo alikuwa Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Shehe Ramiya. Alitoka Manyema, mashariki ya Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtumwa katika nyumba ya akina Lamki, ukoo wa Kiarabu wenye nguvu mjini. Alipata uhuru wake, akajitafutia maisha kwa biashara, akasoma mpaka akawa mwalimu, kisha akawa kiongozi wa tarika ya Kadiriya. Wafuasi wake walikuwa maelfu, nao walienea mbali na pwani. Utawala wa Waingereza ulipoanza alishika hata cheo cha uliwali, cheo ambacho bwana wake wa zamani aliwahi kuwa nacho. Alifariki mwaka 1931, na zawiya yake iliendelea chini ya mwanawe Muhammad. Kwa kigezo cha nasaba, Ramiya hakuwa na mahali pa kukaa. Kwa kigezo cha mwenendo, wenye nasaba ndio waliopaswa kumwachia nafasi. Kila mtu mzima wa Bagamoyo alilazimika kuchagua ni kigezo kipi alichokiamini kweli, na waliomkubali waligundua, wapende wasipende, kwamba hawakuwa na sababu iliyobaki ya kumkatalia heshima hiyo mtumwa mwingine yeyote mwenye mwenendo kama wake.

Mtoro naye alikutana na swali hilo, akiwa upande aliokuwa hajauzoea. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka uliofuata wawili hao walisafiri kwa meli kuja Afrika Mashariki. Wakuu wa koloni hawakutaka mume Mwafrika na mke Mzungu washuke pamoja Dar es Salaam, na safari iliishia kwa kurudi Ujerumani, ambako Mtoro alifariki mwaka 1927. Mtu aliyeandika kwa ufasaha juu ya uungwana wa pwani aliwekwa ngazi ya chini na watu waliotumia nasaba ya namna nyingine. Hoja yao ilikuwa na umbo lilelile: huyu ameelimika, lakini hakuzaliwa sisi.

Umbo la hoja ndilo jambo la kushika hapa. Falsafa huzoeza jicho kuliona umbo hilo hata likivalishwa mavazi mapya, na kanuni inayotokana nalo ni rahisi kuisema na ngumu kuitii: kigezo unachokikataa kikitumika dhidi yako hukitumii dhidi ya mwingine. Kanuni hiyo ingetosha kuushitaki utumwa miaka mingi kabla sheria haijaumaliza katika Tanganyika mwaka 1922. Haikutosha, kwa sababu wengi walichukua kuwako kwa desturi kama ushahidi wa haki yake. Mwanafalsafa Epictetus, naye aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Roma katika karne ya kwanza, alifundisha kwamba utu wa mtu hauko mikononi mwa anayemmiliki. Hata yeye, kadiri mafundisho yake yalivyohifadhiwa, hakudai utumwa ufutwe. Kuona umbo la hoja ni kitu kimoja, na kulifuata mpaka mwisho ni kingine. Siku hizi ngazi za zamani hazitajwi, lakini katika mabishano juu ya nani ana kauli kwenye diko la samaki au ugawaji wa viwanja, wenyeji na watu wa kuja hutupiana hoja ambazo babu zao wangezitambua mara moja.

Uwanja wa pili ambamo falsafa inahitajika kila siku ni ule wa kudra. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hupita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, na ina mabasi, malori, bodaboda na watoto wa shule katika upana uleule. Ajali inapotokea husemwa kwamba siku zake zilikuwa zimefika, au kwamba ajali haina kinga. Kauli hizo zikitolewa msibani ni sahihi kabisa. Kazi yake ni kumshika mkono aliyefiwa, na hakuna anayestahili kuzipinga kwa hoja mbele ya maiti. Taabu huanza zinapohamishwa kutoka msibani kwenda kituo cha polisi, ofisini kwa mwenye gari, au kwenye kikao cha chama cha waendesha bodaboda. Huko zinageuka kuwa maelezo ya chanzo, na maelezo hayo humwachia huru mwenye tairi lililokwisha, dereva aliyelipita lori kwenye kona na abiria aliyemhimiza akimbize.

Wanaodhani dini yao inawataka waseme hivyo hawajaisoma vizuri. Wanateolojia wa Kiislamu walilichambua suala hili kwa karne nyingi. Mu'tazila walishikilia kwamba mtu ndiye mwenye kutenda matendo yake, la sivyo Mungu angekuwa anamwadhibu kwa asilolifanya. Ash'ari, ambao mapokeo yao ndiyo yanayoenda pamoja na madhehebu ya Shafi'i ya pwani, walisema Mungu huumba tendo na mtu hulichuma, hivyo dhima hubaki kwa mtu. Kati ya pande hizo kuna mabishano makali juu ya uweza wa Mungu, lakini hakuna upande uliofuta dhima. Fikihi yenyewe inatoza diya kwa aliyeua bila kukusudia, jambo ambalo halingekuwa na maana kama ajali ingekuwa kazi ya kudra peke yake. Mafundisho ya kumfunga ngamia kwanza ndipo kumtegemea Mungu yanajulikana na kila mtoto wa madrasa. Upande wa Kikristo, Augustino aliandika vitabu vizima kuhusu hiari ya mtu bila kupunguza uweza wa Mungu.

Wavuvi wanaielewa tofauti hii vizuri kuliko madereva, pengine kwa sababu bahari haisamehe. Kusi ikivuma, hakuna nahodha anayeweza kuizuia. Kutoka na tanga bovu wakati wa kusi ni jambo jingine. Chombo kinapozama huwa kuna maswali mawili, na mkanganyiko mwingi hutokana na kulijibu moja kwa jibu la jingine. La kwanza ni kwa namna gani kimezama. La pili ni kwa nini kimezama chao, siku ile, wakiwamo wao. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliieleza tofauti hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande: walijua vyema kwamba ghala huanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo, na bado wakauliza kwa nini limeanguka wakati watu hawa wamekaa chini yake. Pwani, swali la pili hupelekwa kwa shehe, kwa mganga au kwa moyo wa mtu mwenyewe. La kwanza lapaswa kupelekwa kwa fundi wa mashua. Aliyejibiwa na mganga kwamba ni jini hajaambiwa lolote juu ya ubao uliooza, na akitoka tena na ubao uleule jini hana la kulaumiwa.

Katika uvuvi kuna hoja nyingine inayosikika madikoni kote, kutoka Kunduchi hadi Mlingotini: nisipovua mimi, atavua mwingine. Hutumika kutetea nyavu zenye macho madogo mno, na zamani ilitetea hata baruti. Hoja hii ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Kama utabiri, mara nyingi ni sahihi. Kama ruhusa, haifai, kwa kuwa ingempa ruhusa ileile kila mwenye wavu, na wote wakiitumia hakuna wa kuvua. Immanuel Kant aliitaka kila nia ipimwe kwa njia hiyo: je, mtu angetaka iwe kanuni ya wote? Lakini jibu la Kant peke yake humwacha mvuvi mwaminifu na ngalawa tupu na jirani mwenye ndoo zilizojaa. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba jamii nyingi duniani zimeweza kulinda mali ya pamoja kwa kanuni walizozitunga na kuzisimamia wenyewe, zenye adhabu zinazoeleweka. Vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe na uvuvi, vijulikanavyo kama BMU, katika pwani ya Tanzania vimekusudiwa kufanya kazi hiyo. Pale vinapochechemea, mara nyingi tatizo si kwamba wavuvi hawaoni ubaya wa nyavu hizo. Ni kwamba hawana hakika kama kanuni itamgusa pia mwenye boti kubwa.

Ardhi inaleta swali la thamani. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinamtaka anayetwaa ardhi alipe fidia iliyo kamili, ya haki na ya haraka. Haraka hupimika kwa kalenda. Haki haipimiki hivyo. Mthamini anaweza kuhesabu minazi, umri wake na mazao yake, na kufika kwenye kiasi. Kaburi la babu lililo chini ya minazi hiyo halina bei sokoni, na kusema halina bei kunaweza kuwa na maana mbili zinazopingana: kwamba halina thamani, au kwamba thamani yake si ya aina inayonunulika. Tangu mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo utiwe saini mwaka 2013, mradi ukasimama na kuzungumzwa tena, familia za Mbegani na jirani zake zimekuwa na nafasi ya kutosha kuitafakari tofauti hiyo. Falsafa haiwezi kuwatajia kiasi. Inachoweza ni kumzuia afisa asiifanye maana ya kwanza kuwa jibu la ya pili, na kumzuia mwenye kaburi asiitumie maana ya pili kupandisha bei, maana anayepandisha bei amekwisha kukubali kwamba linauzwa.

Mwandishi wa pwani hii aliyeliona jambo lote kwa upana ni Shaaban Robert, mzaliwa wa kijiji karibu na Tanga mwaka 1909, karani wa serikali kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika Kusadikika, iliyotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Hajitetei kwa kuomba huruma. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kuleta maarifa, kila mmoja akarudi na kufungwa kwa sababu ya alichokileta. Kitabu hicho huchukuliwa zaidi kama fumbo juu ya ukoloni, nacho ni fumbo kweli. Lakini kosa la Karama ni la nchi yoyote: amewafundisha watu kudai sababu kwa wenye uwezo wa kutozitoa.

Kazi hii ina mipaka. Wingi wa samaki uliobaki katika mlango wa Zanzibar hujulikana kwa kuhesabu, na hapo mtafiti wa bahari hutangulia. Falsafa ikikosa ukweli huo hujenga jengo zuri juu ya mchanga. Pia inaweza kuwa ubishi mtupu. Kila baraza lina mtu anayeshinda kila hoja na hajawahi kubadili mawazo yake, na kipaji chake kisichanganywe na falsafa.

Mafunzo rasmi yapo kwa uchache. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na masomo ya dini, na seminari kuu za Kikatoliki hufundisha falsafa kabla ya teolojia. Kwa Waislamu wa pwani, wanafunzi wa ngazi za juu husoma mantiki na misingi ya fikihi, ambamo hujifunza kiyasi: kutafuta sababu ya hukumu katika jambo linalojulikana, kisha kuchunguza kama sababu hiyo imo pia katika jambo jipya. Ndiyo zana inayotumika leo panapobishaniwa mkopo wa simu, kwamba kile kinachokatwa ni ada ya huduma au ni riba. Mwenye kuizoea hulitazama kwanza jina la makato, kisha huliweka kando na kuuliza yanakua kwa nini: kwa kazi iliyofanywa, au kwa siku zilizopita tangu fedha zitoke.